Jikoni Nako ni Kazini

Maneno "usalama kazini" yakitajwa Mombasa, macho ya wengi huelekea Kilindini. Huko ndiko kwenye winchi za kunyanyulia makontena, kofia ngumu na mabango ya manjano yenye maandishi makubwa. Ni nadra mtu kugeuza uso upande wa pili wa kisiwa akatazama Kibokoni, Kuze au Mkanyageni saa kumi za alfajiri, wakati taa za jikoni zinapowashwa, unga wa mahamri uliolala ukaanza kusukumwa, na karai la kwanza likatelekwa motoni.

Hata hivyo kazi ni kazi. Sisi tunaoandika haya ni wanawake wa nyumba moja ya Mji wa Kale: mama, binti zake na wake wa wanawe. Tunaishi kwa kukaanga. Asubuhi ni mahamri na mbaazi, jioni ni viazi vya karai, bajia na sambusa, na ikija harusi tunapika biriani kwa masufuria ya kubebwa na watu wawili. Mmoja wetu huchora hina na piko. Karo za watoto wetu zimetoka katika karai hilo. Lakini mwanamke wa mtaani kwetu akiulizwa afanya kazi gani, jibu lake la kawaida ni, "Mimi nipo nyumbani tu." Jibu hilo la unyenyekevu lina hasara yake. Mahali pasipohesabiwa kuwa pa kazi hapakaguliwi, na hatari isiyokaguliwa huzoeleka mpaka ikawa sehemu ya nyumba, kama ufa wa ukutani.

Mwaka jana jirani yetu mmoja, mpishi hodari kutushinda, alimwagikiwa na mafuta ya moto kutoka gotini hadi vidoleni. Alikaa miezi mitatu bila kuteleka chungu. Kwa mjane anayelipa kodi ya nyumba kwa fedha za kila jioni, miezi mitatu ni kama miaka. Tulikwenda kumtazama kama ilivyo ada, na kila aliyeingia alimpa pole kwa maneno yale yale, kwamba ajali haina kinga.

Msemo huo ni mwema mahali pake. Humliwaza aliyeumia, humwondolea lawama, na humnyamazisha mwenye kutaka kuuliza, "Macho yako yalikuwa wapi?" Lakini ni neno la baada ya ajali. Likitangulizwa mbele yake, hugeuka kuwa ruhusa ya kuacha kila kitu kama kilivyo.

Jirani yetu mwenyewe ndiye aliyetufumbua macho. Aliwaacha wageni wengine waondoke, kisha akasema, "Nyie mwasema haina kinga. Mimi nimelala hapa wiki tatu nikiihesabu, na naiona ilikuwa na kinga nne."

Akazitaja kwa vidole. Kwanza, seredani yake ilikaa mlangoni kwa kutafuta hewa, na mlango huo ndio njia ya watoto wa kwenda chuoni. Pili, sakafu pale ilibonyea, na seredani ilikuwa imeegemezwa kwa kipande cha kigae. Tatu, karai lilibakia na sikio moja, upande wa pili likishikwa kwa kitambaa. Nne, aliliinua likiwa limejaa mafuta ya moto ili ayachuje mara moja, kwa sababu adhana ya Magharibi ilikuwa karibu na wateja walikuwa wakingoja. Kila moja kati ya hizo ilikuwapo kwa miaka bila ya kumdhuru mtu. Jioni ile zilikutana.

Tuliporudi nyumbani tulichukua daftari la hesabu za mauzo, tukafungua ukurasa mpya. Hatukuuliza, "Jikoni kuna hatari gani?", kwani swali hilo jibu lake ni jepesi: moto na kisu. Tuliifuata kazi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Viazi vya karai huanza Marikiti, gunia linaponunuliwa. Hubebwa, hupandishwa ngazi, humenywa, huchemshwa, humwagwa maji, huvikwa unga, hutiwa mafutani, huopolewa, huchujwa, huuzwa. Kisha moto huzimwa na vyombo huoshwa. Katika kila hatua tuliuliza maswali matatu. Ni nini kinachoweza kuumiza hapa? Kitamuumiza nani? Na tufanye nini ili hata mtu akisahau au akichoka, bado asiumie?

Swali la tatu ndilo lenye uzito. Wataalamu wa usalama kazini wanazipanga njia za kujikinga katika ngazi tano, kuanzia yenye nguvu zaidi. Ya kwanza ni kuiondoa hatari kabisa. Ya pili ni kubadilisha kitu cha hatari kwa kingine kisichodhuru sana. Ya tatu ni kumtenga mtu na hatari kwa kizuizi. Ya nne ni kubadili utaratibu wa kazi na kufundishana. Ya tano, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote, ni mavazi ya kinga.

Tukazipima kwa karai letu. Kubeba mafuta ya moto ni hatari inayoweza kuondoka kabisa: mafuta huachwa palepale yapoe usiku kucha, yakachujwa asubuhi. Karai la sikio moja hubadilishwa, kwani bei ya karai jipya haifikii bei ya dawa za wiki moja. Kuhusu kizuizi, fundi alituchomelea fremu ya chuma yenye miguu minne inayolikumbatia karai, hata likigongwa lisipinduke. Kuhusu utaratibu, tulichora mstari wa chokaa sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye jiko, na mtoto hauvuki kukiwa na moto. Mwisho kabisa ndipo yalipokuja mavazi: aproni nene ya pamba, viatu vilivyofunika vidole na mikono iliyokunjwa.

Hapo tulitambua kwamba neno "Angalia!", ambalo husikika jikoni mara mia kwa siku, liko karibu na chini ya ngazi zote. Linamtaka mtu asichoke, asigeuze shingo, asisikie mtoto akilia. Hakuna binadamu wa namna hiyo. Karai lililoshikwa vizuri na fremu yake halihitaji kuambiwa liangalie.

Mavazi yana jambo moja zaidi. Deraa na buibui nyingi za siku hizi ni za nyuzi za viwandani, na nyuzi hizo zikipata moto huyeyuka zikaganda juu ya ngozi. Pamba nayo huungua, lakini haiyeyuki. Mwenye kukaanga na avae pamba, na ushungi wake aukaze nyuma badala ya kuuacha ukining'inia mbele.

Kisha tukauandikia moto ukurasa wake. Mafuta yakishika moto, mkono wa kila mtu hukimbilia maji, na hilo ndilo la kuogopwa. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke hutaka nafasi takriban mara 1,700 ya ile ya maji. Mafuta yanayowaka hurushwa juu hadi darini. Dawa yake ni kuzima jiko iwapo linafikika, na kulifunika karai kwa mfuniko mpana bila ya kulisogeza. Mfuniko huo sasa unaning'inia msumarini, karibu na mkono wa mpishi, na hauna kazi nyingine.

Gesi ya kupikia ina tabia yake. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja haipandi juu kama moshi, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya meza na katika pembe za chini, ikingoja cheche. Kwa hiyo mtungi haukai ubavuni mwa seredani, wala chini ya ngazi ambako hewa haipiti. Ile harufu mbaya imetiwa makusudi ili itutahadharishe. Ikisikika, moto wote huzimwa, mtungi hufungwa, milango na madirisha hufunguliwa, na swichi ya taa haiguswi, si kuwasha wala kuzima.

Mkaa nao si mnyonge. Hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu usingizi asiamke. Seredani haiachwi ikiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama ni makaa machache tu yaliyobakia ya kufukizia udi. Kuhusu moshi wa kila siku, Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kuni, mkaa na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 katika mwaka wa 2020 pekee. Kikohozi cha mpishi tusikichukulie kuwa cha uzee. Dirisha lililofunguliwa upande wa upepo wa bahari ni dawa ambayo Mji wa Kale umejaliwa bila malipo.

Nyumba zetu zenyewe zataka kutazamwa. Kuta ni nene za mawe ya matumbawe, dari ni za boriti, ngazi ni nyembamba, madirisha yana nondo kwa kuogopa wezi, na vichochoro vingi havipitishi gari la zimamoto. Tarehe 25 Machi 1911, katika jiji la New York, moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle Shirtwaist. Wakafa wafanyakazi 146, wengi wao wanawake na wasichana wadogo waliohamia Marekani kutafuta riziki. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Msiba ule uliibadilisha sheria ya kazi ya jimbo zima. Kwetu, funzo lake ni dogo na la haraka: ufunguo wa geti la chuma uning'inie karibu na geti lenyewe, mahali ambapo mtoto hawezi kuuchukua lakini kila mtu mzima anapajua gizani, na ngazi isigeuzwe ghala ya magunia na ndoo.

Tukayafikia magunia. Gunia la mahindi Kenya huhesabiwa kwa kilo 90. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mzigo wa mwanamume mzima usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe pungufu mno kuliko huo. Wataalamu wa NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, huweka kilo 23 kuwa kikomo cha kuinuliwa na mtu mmoja katika hali iliyo bora kabisa, mzigo ukiwa karibu na mwili na sakafu ikiwa sawa. Hamali wa Bandari ya Kale na msukuma mkokoteni wa Marikiti ni waume zetu na wana wetu. Mgongo ukiharibika katika miaka thelathini, familia nzima huubeba. Sisi sasa twagawa viazi katika vikapu vya kilo kumi kumi, kulekule sokoni.

Hata vyombo vya uzeeni viliingia daftarini. Mbuzi ya kukunia nazi, ulimi wake ukiachwa wazi sakafuni, humngoja mtoto anayetambaa. Ikishatumika husimamishwa ikiangalia ukuta, ulimi umefungwa kitambaa kinene.

Ndugu yetu mchora hina naye alileta kazi yake. Hina ya majani haina haraka. Huacha rangi ya kahawia au nyekundu, na hukaa mkononi kwa saa nyingi kabla ya kukolea. Ile nyeusi inayokolea kwa muda mfupi mara nyingi huwa na rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini, au PPD. Umoja wa Ulaya hauiruhusu kupakwa ngozini, na hata katika rangi ya nywele umeiwekea kikomo cha asilimia 2. Ngozi inayoikataa hutoka malengelenge, na mwili ukishaikataa mara moja huweza kuikataa maisha yote. Bi harusi hupakwa siku moja, lakini mchoraji huishika kila wiki. Ndugu yetu amerudia hina ya majani, na anapodaiwa nyeusi hueleza kwa upole kwa nini haiweki. Ameshapoteza wateja wawili. Amesema vidole vyake vina thamani zaidi.

Tumeliacha nyuma jambo lililotugusa kuliko yote. Katika nyumba yetu, kama katika nyingi, yuko binti wa kutusaidia kazi, aliyetoka bara kidogo ya Kilifi. Siku ya daftari, mama aliamua kwamba aulizwe yeye kwanza, kabla ya wakubwa. Binti alitazama chini, kisha akasema, "Mama, mimi naogopa ile ngazi. Nikibeba sufuria sioni ninapokanyaga."

Alikuwa ameipanda ngazi hiyo miezi minane. Adabu ndiyo iliyomfunga ulimi. Hakuona njia ya kumwambia mtu mzima kwamba mahali fulani hapafai. Heshima ni pambo letu watu wa pwani, wala hatutaki kuiona ikiondoka. Lakini heshima inayomzuia mdogo kusema "hapa nitaumia" inamgharimu mdogo mwili wake. Kwa hiyo mkubwa ndiye anayepaswa kuifungua njia kwa kuuliza, akauliza kwa sauti isiyo ya kutisha, na akashukuru anapojibiwa. Mjomba wetu, aliyekula chumvi nyingi jahazini, alifunga kapi kwenye boriti ya uani. Sasa vyombo hupanda na kushuka ndani ya kapu, vikiwa vimepoa, na hakuna anayesimama chini yake.

Sheria nayo haikuinyamazia nyumba ya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi azitafute hatari na kuzipunguza, na inakataza mfanyakazi kufukuzwa kwa sababu tu amelalamika kuhusu jambo analoliona si salama. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka huohuo inamwajibisha mwajiri kwa anayeumia akimtumikia. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kwa ajili ya wafanyakazi wa majumbani, na mwezi Juni 2022 likayaweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi za kila mfanyakazi.

Wengi wetu tuna binti au dada aliyekwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani. Simu yake ikichelewa hatulali. Twaomba awe na tajiri mwenye huruma, asipandishwe madirishani kufuta vioo, asiachwe na majeraha bila ya daktari. Basi binti wa Kilifi naye ana mama anayeingoja simu. Kipimo tunachokitaka Arabuni na kianze kutumika Kibokoni.

Na mtu akiungua licha ya kinga zote, asipakwe asali, samli, yai wala dawa ya meno. Mahali palipoungua pamwagiwe maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, pete na bangili zivuliwe kabla ya mkono kuvimba, nguo iliyogandamana na ngozi isibanduliwe, kisha pafunikwe kwa kitambaa safi na mgonjwa apelekwe hospitali. Mtoto mdogo apelekwe hata kama jeraha laonekana dogo.

Ipo hofu kwamba mahesabu haya yanapingana na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Watoto wetu wa chuoni wanaijua habari ya yule bedui na ngamia wake: aliambiwa amfunge, kisha ategemee. Kufunga kulitangulia. Kudura haijui kushindwa, lakini hakuna aliyetuambia kwamba kigae kilichowekwa chini ya seredani ni kudura. Kigae kiliwekwa na mkono wa mtu, na mkono wa mtu unaweza kukiondoa.

Ramadhani ndiyo msimu wetu mkubwa. Mpishi huwa na saumu, kiu na uchovu, na saa moja kabla ya Magharibi mtaa mzima hutaka sambusa na kaimati kwa pamoja. Saa hiyo ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Kwa hiyo mwezi wa Shaabani, kabla moto haujawa mwingi, twawaomba akina mama na dada wa mitaa yetu watenge nusu saa. Chukueni daftari na kalamu. Chagueni kazi moja tu, ile inayofanywa kila siku. Ifuateni hatua kwa hatua, na mumuulize kwanza aliye mdogo kuliko wote pale jikoni. Jirani yetu amerudi kwenye karai lake, jiko limehamishwa kutoka mlangoni, na wageni waliompa pole sasa hupiga foleni dirishani kwake. Mguu wake ungali na kovu. Yeye huwaonyesha wasichana wanaojifunza kazi kwake, kisha huwaonyesha fremu ya chuma.